Mke Aliyetoka Ziwani na Kikombe Chenye Pengo: Pendo na Deni katika Ngano na Televisheni

Ngano ya Nyamgondho mwana wa Ombare imezoeleka mno katika Nyanza hata uhakiki wake umekuwa mwepesi. Mwanafunzi akiulizwa dhamira yake hujibu kwamba inaonya dhidi ya ulevi na utovu wa shukrani, kisha huenda kwenye swali linalofuata. Jibu hilo si la uwongo, ila linasahau kwamba hiki ni kisa cha ndoa, na kwamba kinachovunjika ndani yake ni pendo kabla ya kuwa mali. Makala haya yanadai kwamba ndoa hiyo inakufa kwa sababu mume hawezi kustahimili deni, na kwamba ngano inakataa kwa makusudi kuifufua. Ili hoja hiyo ionekane wazi, ngano italinganishwa na sehemu moja ya tamthilia ya televisheni ya Kimarekani iitwayo Once Upon a Time, ambamo mume wa aina hiyo hiyo anapewa mwisho ulio tofauti.

Kwanza, kisa chenyewe. Nyamgondho ni mvuvi fukara wa Nyandiwa, katika nchi ya Gwassi, ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay. Siku moja mtego wake unanasa mwanamke mkongwe badala ya samaki. Baadhi ya mafanani humfanya chongo pia. Nyamgondho anampeleka nyumbani, na punde boma lililokuwa tupu linajaa ng'ombe. Anaoa wake wengine, anakuwa mtu wa kusikilizwa, na anazoea pombe. Usiku mmoja anarudi amelewa na kumtukana mwanamke huyo kwa asili yake. Mwanamke hajibizani naye. Anaelekea ziwani, na mifugo yote inamfuata hadi majini. Nyamgondho anabaki ukingoni ameegemea fimbo yake, na papo hapo anageuka mti. Asenath Bole Odaga alikitia kisa hiki katika mkusanyo wake wa 1986, uliochapishwa Kisumu, lakini wenyeji wa Nyandiwa hawakungoja kitabu: wao huonyesha mahali penyewe, na alama za kwato katika mwamba.

Sehemu ya tamthilia inayohusika hapa ni ya 12 katika msimu wa kwanza, nayo huitwa "Skin Deep". Ilionyeshwa na kituo cha ABC tarehe 12 Februari 2012. Belle anakubali kuwa mtumishi wa Rumplestiltskin, mchawi mwenye sura ya kutisha, ili mji wa baba yake uokolewe vitani. Anaangusha kikombe cha chai, nacho kinapata pengo ukingoni. Anaomba radhi, na mchawi anasema ni kikombe tu. Hatimaye mchawi anampa ruhusa ya kwenda zake akidhani hatarudi. Belle anarudi na kumbusu, na uso wa mchawi unaanza kuwa wa binadamu. Hapo ndipo mwanamume anapopandwa na ghadhabu. Anadai kwamba busu hilo ni njama ya Malkia, anamfungia Belle, kisha anamfukuza kwa kumwambia kwamba nguvu zake ni bora kuliko yeye. Anayebaki pale si mchawi asiyependwa, bali mtu aliyependwa akaogopa.

Wahusika hawa wawili wanakutana katika historia zao. Kabla ya kupata uchawi, Rumplestiltskin alikuwa mwanakijiji maskini aliyedharauliwa kwa woga wake. Nyamgondho naye alikuwa mvuvi asiye na ng'ombe hata mmoja. Kila mmoja ameipata hadhi yake kwa kitu kilichotoka nje ya jasho lake, na mbele ya kila mmoja amesimama mwanamke anayemkumbusha hivyo kwa kuwapo kwake tu. Busu la Belle linamrudisha mchawi katika umbo la yule fukara wa zamani. Mke wa Nyamgondho ndiye shahidi wa ule usiku ambao boma lilikuwa tupu. Basi tusi la ulevini lina maana pana kuliko ulevi. Nyamgondho anapomsimanga mkewe kwamba ameokotwa ziwani, anajisimanga mwenyewe, kwa kuwa siku ile mtego ulinasa watu wawili, na aliyetolewa katika dhiki ni yeye. Pombe imelegeza ulimi tu. Kinyongo cha mdaiwa kilikuwapo tangu zamani.

Hata hivyo, kazi hizi zinaachana katika mambo mawili makubwa. La kwanza ni sura. Tangu simulizi ya Madame de Beaumont ya 1756 hadi filamu ya Disney ya 1991, msichana mvumilivu hulipwa kwa zimwi kugeuka kijana mzuri. "Skin Deep" inaikatiza kanuni hiyo njiani, lakini bado inaitegemea, maana pendo la kweli hupimwa kwa mabadiliko ya uso. Ngano ya Nyamgondho haimgeuzi mwanamke yule kuwa kigoli. Mkongwe huja na mkongwe huondoka. Kinachobadilika ni boma. Anayejaribiwa ni mwanamume, na jaribio lake ni gumu zaidi: aheshimu asichotamani.

Jambo la pili ni mwisho. Kabla "Skin Deep" haijakwisha, mtazamaji anaonyeshwa kwamba Belle, anayedhaniwa amekufa, yu hai kifungoni. Wawili hao wanakutana tena katika sehemu ya mwisho ya msimu huo, na katika msimu wa tatu, 2014, wanafunga ndoa. Tamthilia ya mfululizo haiwezi kumpoteza mpendwa moja kwa moja, kwa sababu wiki ijayo ina haja naye. Kikombe chenye pengo kinahifadhiwa kwa kuwa ni ahadi. Mti wa Nyandiwa hauahidi kitu. Ngano iliyofungwa mahali pamoja imekwisha kutoa hukumu, na ushahidi wake hauondoki.

Huenda mhakiki akapinga kwamba fasihi ya Ziwa, kwa hoja hii, inafanywa kuwa fasihi isiyojua wokovu. Grace Ogot anajibu pingamizi hilo. Katika "The Rain Came", iliyomo katika Land Without Thunder (1968), Oganda anapelekwa kutolewa mhanga kwa zimwi la ziwani ili mvua inyeshe. Osinda, mpenzi wake, anamfuata, anamvika vazi la majani, wanatoroka, na mvua inanyesha vilevile. Pendo linaokoka. Lakini itazamwe ni pendo la nani: Osinda hana boma la kulinda wala uchawi wa kuogopea. Aliyeshika mamlaka katika hadithi hiyo ni Labong'o, baba na mtawala, naye ndiye anayemtoa binti yake. Kwa hiyo Ogot haivunji hoja ya Nyamgondho, bali anaitazama kwa upande wa pili: pendo hupona pale ambapo mpendaji hana cheo cha kukitetea dhidi yake.

Ulinganishi huu una uzito nje ya darasa. Zamani kisa hiki kilifunzwa siwindhe, katika nyumba ya bibi, na mtoto aliweza kupelekwa kuuona mti. Mtoto anayekulia mtaa wa Milimani, Kisumu, yu karibu na ziwa lile lile, lakini yu karibu zaidi na kiwambo cha televisheni, na huenda akamjua Belle kabla ya kumjua mke wa Nyamgondho. Hilo halina ubaya kwa nafsi yake. Hatari ipo siku ambayo mwandishi wa michezo ya televisheni ataichukua ngano hii na, kwa kufuata desturi ya mfululizo, amtoe mwanamke yule majini mara ya pili ili amsamehe mumewe. Watazamaji watafurahi, na ngano itakuwa imepokonywa neno lake kuu. Mwanamke yule aliondoka bila kujibu tusi. Kumrudisha ni kumlazimisha ajibu, tena kwa maneno ambayo mume angependa kuyasikia. Atakayeitia ngano hii katika picha na aubakize ukingo mtupu: alama za kwato zinazoelekea majini, na pasiwepo hata moja inayorudi.