Kipuri Kipya, Fremu ya Babu

Mtaani Nyahanga, mjini Kahama, baiskeli ya zamani haitupwi ovyo. Fremu ya Raleigh iliyotoka Nottingham enzi za babu inaweza kubeba gunia la mpunga hadi leo, ingawa karibu kila kinachozunguka juu yake kimekwisha kubadilishwa: ringi za India, cheni ya China, pedeli za juzi. Fremu hudumu, ekseli na gololi huliwa. Kazi ya fundi ni kuvipatanisha vya kale na vipya, na katika ufundi wote wa baiskeli huo ndio ninaouheshimu zaidi.

Ugumu uko pale katikati, ekseli ya pedeli inapopita ndani ya vikombe vya gololi vinavyokazwa kwenye fremu kwa nyuzi za skrubu. Kampuni ya BSA ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1861 na mafundi bunduki waliotaka kutengeneza silaha kwa mashine, ili kipuri cha bunduki moja kiingie kwenye nyingine. Ilipogeukia baiskeli, kipimo chake cha nyuzi 24 kwa inchi kilienea duniani. Raleigh ilishika njia yake: nyuzi 26. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Kikombe cha gololi cha siku hizi huingia kwenye fremu hiyo mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma. Mwenye haraka hutafuta spana ndefu zaidi, na nyuzi zilizovumilia miaka hamsini hukatika kwa dakika moja.

Fundi mtulivu hukaza kwa vidole kwanza. Kikigoma, hukitoa. Hukiosha kikombe cha zamani kwa mafuta ya taa na kukikagua juani pale gololi zinapopita. Kama hakijachimbika, hukirudisha kazini, akabadilisha ekseli na gololi tu. Gololi za robo inchi, 11 kila upande, huzipanga moja moja kwenye grisi. Kisha hukaza kikombe cha kushoto, hulegeza kidogo, hukaza tena, mpaka ekseli izunguke bila kukwama na isicheze ikitikiswa.

Halafu inakuja kotapini, pini inayoshika mkono wa pedeli kwenye ekseli, na hapo tupa ndiyo bwana. Pini mpya ina ubapa upande mmoja, na mara nyingi ubapa huo haulingani na ekseli. Fundi hupitisha tupa mara tatu nne, huijaribu pini, huitoa, hupitisha tena. Asipoipunguza vya kutosha, haizami, na nati haipati pa kushika. Akizidisha, inapita mno na mkono wa pedeli unalegea mzigo ukiwa njiani. Tena pini mbili lazima ziwe sawa, la sivyo pedeli moja itaitangulia nyingine na mwendeshaji atalisikia hilo gotini kila anapokanyaga.

Wateja hubishania bei ya ufundi kuliko bei ya kipuri, kwa kuwa kipuri wanakiona. Lakini kotapini dukani ni ileile kwa kila mtu. Anachouza fundi ni uamuzi: kipi kibaki, kipi kitoke, tupa isimame wapi. Uamuzi huo ndio unaoufikisha mpunga mashineni, nao unastahili malipo yake kamili. Na kijana anayemshikia fremu leo afundishwe kusikiliza nyuzi kwa vidole kabla hajakabidhiwa spana.