Paukwa Bila Pakawa: Fanani Mbele ya Kinasasauti
Fanani anayejirekodi nyumbani kwa kinasasauti au simu huhifadhi mengi yapotezwayo na maandishi: kiimbo, kimya, mwigo wa sauti ya fisi. Hata hivyo, akitamka "Paukwa", hakuna wa kumwitikia "Pakawa". Katika Orality and Literacy (1982), Walter Ong aliuita usimulizi wa redio na televisheni usimulizi wa pili, kwa kuwa unategemea maandishi na uchapaji. Hoja hiyo haitoshi hapa. Kinachokosekana ni hadhira: mtambaji hufupisha, hurefusha au hugeuza ngano kwa kuzitazama nyuso za wasikilizaji. Basi anayerekodi hana budi kuwaketisha kando yake japo watoto wa jirani; la sivyo, atahifadhi matini na kuupoteza utendaji.