Nani Anaoa katika "Malaika"?

Desemba iliyopita tulialikwa kwenye kwanjula ya jirani yetu hapa Luzira. Kwanjula ni ile siku ambayo mwanamume na watu wake hufika kwa wazazi wa msichana kujitambulisha, wakiwa wamebeba zawadi. Kaka yangu alikuwa mmoja wa wabebaji, na kreti ya soda begani. Walipokaribia hema, mpiga muziki akafungulia "Malaika" ya Boney M., na msafara wote ukaingia ukicheza. Kaka hakuingia. Aliiweka kreti chini, akageuka, akaenda kusimama barabarani. Miezi michache kabla ya hapo, wazazi wa msichana aliyempenda walikuwa wamemsomea orodha ya vitu ambavyo mshahara wa kupakua mizigo pale bandarini Port Bell usingeweza kuvinunua, na uchumba ukafa.

Watu wengi ninaowajua Kampala huuchukua "Malaika" kuwa wimbo wa harusi. Nadhani wanasikia jina tu, na jina ni tamu. Lakini anayesema ndani ya wimbo ule ni kijana ambaye haoi. Anampenda msichana, angemwoa, ila mali hana, na ukosefu huo unamsumbua mpaka rohoni. Kuupiga wakati watu wanapita na mahari mikononi ni sawa na kusimulia habari za ajali ndani ya basi lililojaa abiria. Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikiliza waimbaji wa wimbo huu nikiwa na swali moja: wanapofika kwenye habari ya pesa, wanaifanya nini?

Boney M. wanaipita. Toleo lao la mwaka 1981 lina mapigo ya kuchezea, na sauti zimepangwa vizuri sana, lakini neno la pesa halina uzito kuliko neno jingine lolote. Siwalaumu. Walitaka watu wacheze, na watu wanacheza mpaka leo.

Fadhili William ni habari nyingine. Yeye alikuwa mzaliwa wa Taita, Kenya, na aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Jambo Boys, kisha tena akiwa na Equator Sound Band. Kuhusu nani hasa aliyeutunga, mabishano hayajaisha. Wapo wanaomtaja Adam Salim wa Tanganyika, na Fadhili mwenyewe alidai ni wake mpaka alipofariki mwaka 2001. Kinachonivutia mimi ni jinsi anavyoimba. Haombolezi. Gitaa linatembea kwa mwendo wa kawaida, naye anaeleza shida yake kama mtu anayezungumza na rafiki wakiwa njiani kwenda kazini. Akifika kwenye pesa hapandishi sauti wala haivuti. Mara ya kwanza niliona huo ni udhaifu, kwamba hakuitumia nafasi aliyopewa na utungo. Siku hizi nadhani alijua zaidi yangu. Kaka aliporudi kutoka kwa wale wazazi, alituambia idadi ya ng'ombe waliyotaka kwa sauti ileile anayotumia kuuliza kama chakula kipo.

Mtu asidhani haya ni mambo ya zamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Kuitoa mahari kwenyewe hakukukatazwa. Kijana wa wimbo huu akifika Luzira leo atasomewa orodha yake kama wengine.

Halafu yupo Miriam Makeba. Hapa lazima niseme jambo linalonihusu. Nyumbani kwetu tunaongea Luganda. Kiswahili nilikisikia kwanza kutoka kwa askari jela wa gereza la Luzira na kwa mabaharia waliotoka Mwanza na meli zao. Mama yangu, aliyekuwa mtoto wakati wa Amin, hata sasa akisikia mtu anasema Kiswahili kwa nguvu nyuma yake hunyamaza kwanza. Kwake ni lugha ya kuamrishwa. Kiswahili cha kwanza kilichoingia sebuleni kwetu bila kumtisha mtu kilikuwa cha Makeba, redioni. Kwa hiyo nikisikia watu wakimpima kwa matamshi tu, kwamba silabi fulani anaivuta pasipostahili, ninakumbuka darasani walivyonicheka kwa "Kiswahili cha askari" changu. Ndiyo, anaivuta. Lugha haikuwa yake. Alikuwa Mwafrika Kusini aliyezuiwa kurudi kwao tangu mwaka 1960, akiimba mapenzi ya watu wa pwani na bara ya huku kwetu.

Anauimba polepole, karibu mwendo wa kusimama. Na kuna jambo la sarufi ambalo mwanafunzi yeyote wa Kiswahili angeliona. Kwa mazoea ya lugha yetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Wimbo umetumia kitenzi cha kuoa, cha mwanamume. Makeba angeweza kukibadili, lakini hakukigusa. Mwenzangu mmoja darasani alisema hiyo inaonyesha hakujua anachokiimba. Mimi nasikia kitu kingine. Nasikia msichana mwenyewe, yule malaika, akiyarudia maneno aliyoambiwa na kijana kabla hajaondoka. Ndiyo maana haharakishi: anakumbuka. Kwa Fadhili msichana hana sauti kabisa, yeye ni wa kuitwa tu. Kwa Makeba, bila kitenzi hicho kubadilishwa, ndiye anayezungumza, na pesa zinazomsumbua kijana zinaonekana zimemsumbua yeye pia, ambaye hakuna aliyemuuliza anataka ng'ombe wangapi.

Ningependa kuisikia tafsiri hiyo kila anapouimba, lakini haipo kila mahali. Katika albamu aliyotoa na Harry Belafonte mwaka 1965, ambayo iliwapatia tuzo ya Grammy, wanauimba pamoja, na nakiri kwamba ni toleo zuri kulisikiliza usiku. Ila sauti mbili zinaposhikana vile, mapenzi yamekwisha kukubaliwa pande zote. Sioni nani amekosa nini. Belafonte ana sauti ya mtu ambaye ng'ombe wake wamekwisha kufika.

Angélique Kidjo wa Benin aliurekodi katika albamu ya *Logozo* ya mwaka 1991. Naye amekiacha kitenzi cha kuoa kilivyo, lakini kwake sipati kile ninachokipata kwa Makeba. Kidjo ana nguvu mno. Nikimsikia naamini kabisa kwamba angetoka mwenyewe akawatafuta hao ng'ombe, akawaswaga mpaka kwa wakwe. Ninaipenda sauti hiyo, lakini naisikia ikiwa imesimama mbali na umaskini wa wimbo.

Nakiri pia kwamba tafsiri yangu ya Makeba imechanganyika na ya nyumbani. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimemkasirikia yule msichana wa kaka. Nilimwona mwenye tamaa. Hata tulipokutana kwenye stendi ya bodaboda nilijifanya sikumwona. Sikuwahi kujiuliza kama ile orodha ilikuwa yake au ya wajomba zake.

Mwezi uliopita, jioni moja, tulikaa na kaka karibu na maji kule Port Bell baada ya zamu yake, nikampa simu yangu asikilize. Fadhili alimsikiliza mara mbili bila kusema kitu, akitikisa kichwa kidogo. Kisha nikamwekea Makeba. Alifika katikati, akaondoa spika masikioni.

"Huyu mama anaimba kama anamjua," alisema.

Nikamuuliza anamjua nani. Hakujibu. Baadaye, tulipokuwa tunapanda kilima kurudi nyumbani, aliniuliza kama bado nina namba ya yule msichana. Ninayo.