Sifa ya Chujio

Uani kwetu Mbagala, kwenye kamba ya kuanikia nguo, hufungwa fundo la kitambaa cheupe cha pamba. Chini yake kuna beseni. Tangu alfajiri yanadondoka maji ya manjano yenye ukijani kidogo, tone moja moja. Mama mwenye nyumba anatengeneza mtindi mzito, na wateja wake hawamsifu kwa kingine.

Maziwa huyachemsha, akayaacha yapoe mpaka kidole kivumilie, akatia kijiko cha mtindi wa jana na kufunika kwa kawa. Kwa joto la Dar, kunapokucha yameshaganda. Usiku kucha bakteria wamekula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki. pH imeshuka kutoka takriban 6.6 hadi 4.6, protini ikashikana. Kumbe asidi hiyohiyo inawalemea wenyewe. Wanazorota, mwishowe wanasimama na sukari bado ipo, kama mpishi aliyefukuzwa jikoni na moshi wa kuni zake.

Wanaozalisha asidi hiyo kwenye matangi makubwa wanasumbuliwa na moshi uleule. Mojawapo ya dawa zao ni chujio la membreni, la plastiki au seramiki, lenye vitundu vya mikromita 0.2 hivi. Bakteria ni mnene kuliko kitundu hicho, hapiti. Maji na asidi hupita. Pampu huwarudisha bakteria tangini, na chakula kipya huingia kufidia kilichotoka. Moshi unatolewa, mpishi anabaki, na wapishi wanaongezeka.

Kitambaa cha mama, tusidanganyane, hakiwezi hayo. Kwa bakteria, matundu yake ni mageti ya Uwanja wa Mkapa siku ya Simba na Yanga. Wengi hubaki kwa kuwa wamenaswa kwenye mgando.

Ila adui wa kitambaa na wa membreni ni mmoja: kuziba. Utelezi ukitanda, matone hukoma. Mama hufungua fundo, akakwangua kwa mgongo wa kijiko, akafunga tena. Mafundi wa membreni hukipitisha kioevu kwa kasi sambamba na uso wa chujio ili kizoe utando, na mara kwa mara husukuma maji kinyumenyume.

Kitambaa chake hukichemsha kila siku. Nilimwomba aniazime nichujie tui. Alicheka, akanielekeza dukani.