Kwa Ajili ya Fundi wa Kesho

Tingatinga lilikuwa limeshaondoka fundi alipofika. Kando ya barabara iliyokuwa ikipanuliwa, kaskazini mwa Dar es Salaam, mtaro ulikuwa wazi, na ndani yake zilichungulia ncha mbili za kebo ya faiba, zimechanika vibaya. Mitaa kadhaa ilikuwa haina intaneti tangu asubuhi, na simu ya fundi haikuacha kuita. Aliizima. Akasimamisha hema dogo la kuzuia vumbi, akafungua meza ya kukunja, akanawa mikono, ndipo akaketi. Kijana aliyekuwa msaidizi wake alishika koleo, tayari kuanza.

"Subiri, mwanangu," mzee akamwambia. "Kwanza tutandike."

Nilikaa pembeni ya hema lile mpaka jua likazama, na tangu hapo nimekuwa nikiwatazama watu wa kazi hii kwa heshima ambayo sikuwa nayo. Tunazungumza sana juu ya seva, kasi na vifurushi. Mikono inayoviunganisha vitu hivyo hatuitaji.

Uzi wa faiba ukivuliwa gamba lake hubaki kioo chenye kipenyo cha mikroni 125, na njia ya mwanga iliyomo ndani haizidi mikroni 9 hivi. Hakuna jicho linaloiona njia hiyo. Mzee alilowesha spiriti kwenye kitambaa laini, akaubana uzi kati ya vidole viwili na kuuvuta taratibu. Kitambaa kilipita kimya. Akarudia, kikapita kimya tena. Mara ya tatu kililia, mlio mwembamba wa kioo kilichotakata, na hapo ndipo aliporidhika.

"Umesikia?" alimwuliza kijana. "Usipolia, bado una mafuta."

Mashine ya kuungia ina skrini na mahesabu yake, lakini uzi mchafu ukiingia ndani hutoka na kiungo kibovu, na lililoamua usafi wake alasiri ile ni sikio la mzee. Kisha akafanya jambo ambalo wanagenzi husahau: aliuvisha uzi mrija mdogo wa kulinda kiungo kabla ya kuunga, kwani baada ya kuunga hakuna tena pa kuupitishia. Anayeusahau hana budi kukata na kuanza upya. Akaukata uzi kwa kikatio, akaulaza mashineni akiukabilisha na mwenzake, umeme ukamweka mara moja, na vioo viwili vikawa kimoja. Skrini ikaandika hasara ya desibeli 0.02. Vipande vilivyokatwa hakuviacha vianguke. Alivinasa kimoja kimoja kwenye utepe wa gundi na kuvitia chupani, maana kipande cha namna hiyo kikiingia mwilini hakionekani wala hakishikiki, na watoto wa mtaa ule hucheza peku.

Ndivyo walivyokwenda, rangi kwa rangi. Kijana alizitaja kwa sauti kila walipofungua mrija mpya wa nyuzi: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, samawati. Alipokosea mpangilio, mzee hakumkaripia. Alimwambia tu aanze tena na bluu.

Kabla ya magharibi mawasiliano yakarudi. Kwenye nyumba za jirani watu waliendelea na mambo yao pasipo kujua nani amewarudishia. Kijana alianza kukusanya vifaa, na kwa hesabu ya mtu yeyote wa ofisini kazi ilikuwa imekwisha. Mzee hakuinuka. Alizizungusha nyuzi kwenye kisahani cha kasha la kulinda viungo kwa mduara mpana, asiruhusu hata mmoja ukunjike. Akaviringa mita kadhaa za kebo ya akiba na kuzilaza ndani ya shimo. Akafunga vibandiko vya majina pande zote mbili za kasha. Mwisho akatoa daftari, akachora ramani ya mahali pale akianzia kwenye nguzo ya umeme iliyo karibu, na kuandika kina cha kebo.

"Mzee, si imeshawaka?" kijana aliuliza.

"Imewaka kwa ajili yao. Sasa tumtengenezee atakayekuja."

Hiyo ndiyo sifa ninayotaka kuitoa kwa kazi hii. Fundi wa mtandao aliyefunzwa vizuri hufanya kazi mbili: ya leo, ambayo mteja anaiona na kuilipia, na ya kesho, ambayo ataifaidi mtu ambaye huenda wasijuane maisha yote. Kebo ya akiba ni ya mtu huyo, atakapohitaji kukata na kuunga tena. Kibandiko ni chake, na ramani pia. Mwenye kuyafanya hayo anakiri kwamba kebo itakatika tena, kwamba yeye huenda asiwepo, na kwamba si uungwana kumwachia mwenzako fumbo shimoni usiku wa mvua.

Adabu hii ni ya zamani kuliko faiba. Pwani yetu imekuwa ikipokea mikongo tangu mwaka 1879, waya wa simu ya maandishi ulipopita chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea Msumbiji na Durban. Baadaye wakaja mafundi wa Posta na Simu, waliounga nyaya za shaba zilizovikwa karatasi na risasi, jozi baada ya jozi, wakiwa wamechuchumaa kwenye mashimo ya barabarani. Mzee yule wa hemani alianzia kwa watu hao. Alinisimulia jinsi walivyomfundisha kufunga mafungu ya nyaya ndani ya jengo la mitambo kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, kwa nafasi sawa. Msimamizi alikagua kwa kiganja: alipitisha mkono juu ya fungu zima, na ukikwama popote, kazi ilifumuliwa. Bado anatembea na kibunda cha uzi huo kwenye mkoba wake. Vibano vya plastiki anavitumia kwa shida, kwa kuwa vikikazwa mno huiminya kebo, na ncha zake zilizokatwa ovyo humchana mkono anayefuata.

Ujuzi wenyewe wa faiba ulianzia kwenye usafi. Mwaka 1966 Charles Kao, akifanya kazi Uingereza, alionyesha kwamba kinachoumaliza mwanga njiani ni uchafu uliomo ndani ya kioo, wala si kioo chenyewe, na kwamba kioo kikitakaswa mwanga utasafiri mbali. Leo uzi mzuri hupoteza kama desibeli 0.2 tu kwa kila kilomita. Kao alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2009, na mwezi Julai mwaka huohuo mkongo wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam, huku kwetu ambako hadi hapo mawasiliano mengi na dunia yalipitia setilaiti, kwa bei ya kutisha. Tulisherehekea kasi. Usafi ulioiwezesha kasi hiyo tuliuacha kwa mafundi.

Nimeingia pia kwenye vyumba ambako nyuzi hizo huishia. Katika taasisi moja walinifungulia kabati la seva, na nyaya zikamwagika nje kabla mlango haujafunguka wote. Hapakuwa na kibandiko hata kimoja, isipokuwa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu: USICHOMOE. Nani aliandika, na kuhusu waya upi, hakuna aliyejua. Siku ile walikuwa wakitafuta kebo moja iliyoharibika. Walichomoa moja, wakasikiliza kama kuna atakayelalamika, wakairudisha, wakachomoa nyingine. Chini, kwenye madirisha ya malipo, foleni ilisimama na wananchi wakaambiwa neno wanalolijua sana: mtandao uko chini. Nyuma ya kabati msongamano wa nyaya ulikuwa umeziba njia ya hewa moto, na feni za seva zilivuma kwa nguvu zikijaribu kuisukuma. Walipopata walichokitafuta, waliusukuma mlango kwa bega mpaka ukafunga. Funika kombe mwanaharamu apite.

Kabati alilolipanga mzee nimeliona vilevile. Nyaya za umeme zimeshuka upande mmoja, za data upande wa pili. Kila mmoja una jina lake kwenye ncha zote mbili. Hakuna uliopindwa kwa ghafla, na kwenye vichwa vyake jozi zimefumuliwa kwa kadiri ndogo inayoruhusiwa, milimita 13 wala si zaidi, kwani jozi ikifumuliwa kupita hapo huanza kuingiliwa na jirani zake. Zimelala sambamba kama ukili katika mkeka wa Pemba. Mgeni akifika saa nane za usiku, chumba kikiwa kinanguruma na simu zikimfokea, atauona waya anaoutaka, ataushika mmoja huo tu, na nyingine hazitatikisika.

Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile tulijifunza majina ya mikongo kama tunavyojifunza majina ya wagombea. Wachache walifikiri juu ya namna kebo inavyotengenezwa ikiwa baharini. Meli huinasa kwa ndoana kutoka sakafuni, huipandisha ncha moja, huitafuta ya pili, na baada ya nguvu zote hizo za injini na minyororo, kebo huingizwa kwenye chumba tulivu ambamo mtu ameketi mezani. Huuvua uzi gamba. Huusafisha. Huukabilisha na mwenzake. Huchukua saa nyingi, na bahari nzima humsubiri. Uchumi wa nchi kadhaa hutegemea kama mtu huyo alilelewa na mwalimu aliyemwambia asubiri kwanza, watandike.

Na hapo ndipo ninaposikitika. Zabuni nyingi hupewa mwenye bei ya chini, naye humkabidhi mwingine kwa bei ya chini zaidi, mpaka anayefika shimoni ni kijana anayelipwa kwa idadi ya viungo. Hana muda wa kusikiliza kitambaa. Akiunga, taa ikiwaka, anapiga picha, anaituma kwa bosi, anaondoka. Simlaumu, ndivyo alivyopangiwa. Ile saa ambayo mzee aliitumia baada ya taa kuwaka haina mstari kwenye ankara. Tunalipia seva mpya, majenereta, betri na vipoza hewa, na kuzindua majengo kwa kukata utepe, lakini sijawahi kumwona kiongozi akiomba kuonyeshwa daftari la ramani za viungo. Barabara inayofuata itachimbwa, dereva wa tingatinga hatakuwa na mchoro wowote mkononi, na atakata tena palepale.

Mafundi wa umri wa mzee wanastaafu mmoja mmoja. Ofisi huwaaga kwa keki na cheti, bila ya kuwa zimemkalisha kijana karibu nao hata mwaka mmoja kabla ya hapo, na madaftari yao huishia stoo au kwenye moto wa takataka. Yule kijana wa hemani ana bahati: amefundishwa kuanza tena na bluu. Lakini Mkongo wa Taifa, mtandao wa faiba unaoiunganisha nchi, una maelfu ya kilomita, na bahati ya kijana mmoja haitoshi kuulinda.