Boma Bila Kabati la Kioo: Makumbusho ya Kisumu na Ufundi wa Kupanga Maonyesho

Majumba makubwa ya sanaa ya London au Paris hupanga msimu wa maonyesho kwa kuhesabu vyumba: hiki cha mchoraji fulani hadi Juni, kile cha wachongaji hadi Septemba. Makumbusho ya Kisumu, yaliyo kando ya barabara iendayo Kericho, hayana vyumba vya kufanyia hesabu hiyo. Mipango yake ilianza mwaka 1975, yakafunguliwa tarehe 7 Aprili 1980, na sehemu kubwa ya mali yake ni uwanja. Ndiyo maana ufundi wake bora uko nje.

Ndani tupite haraka. Kuna silaha, mapambo, zana za kilimo na vyombo vya nyumbani vya jamii za Nyanza. Kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu, na mbuta wa kilo 190 ambaye hata mvuvi mzoefu humtazama mara mbili. Kazi ya kuwakausha wanyama hao ni nzuri mno. Lakini ni maonyesho ya kudumu, na ya kudumu yana kasoro moja: mwanafunzi aliyemwona simba huyo akiwa darasa la nne hana sababu ya kurudi akiwa kidato cha pili.

Ukitoka uani unaikuta Ber-gi-dala, boma zima la Kijaluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Mwenye boma ni mtu wa kubuni. Ana wake watatu, mwana wa kwanza, mifugo na shamba. Mtu akipita haraka ataona vibanda vya udongo vyenye paa za nyasi, basi. Akisimama langoni na kutazama mbele atagundua kwamba mpangilio wenyewe ndio maelezo. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, iko juu kabisa ya boma, imelitazama lango. Za wake wenzake zimekaa pembeni yake kwa utaratibu wa kuolewa kwao. Simba, yaani kibanda cha mwana wa kwanza, kiko chini karibu na lango, kwa kuwa kijana huyo ni wa kutoka siku moja akaanzishe boma lake. Cheo, umri na haki ya kurithi vimeandikwa ardhini, na vinasomeka hata bila kibao.

Maelezo yaliyobaki yalipewa sauti. Kanda zilirekodiwa zikieleza asili ya Wajaluo, safari yao hadi magharibi mwa Kenya na hatua za kuanzisha boma jipya. Kwa fundi wa maonyesho huo ulikuwa uamuzi wa busara. Kibao cha maandishi kwenye ukuta wa udongo kingeharibu nyumba, nacho kingeharibiwa na mvua. Sauti haitoboi ukuta.

Gharama ya njia hii hailipwi mara moja. Nyasi za paa huoza, mchwa hupanda kwenye nguzo, sakafu ya udongo na kinyesi cha ng'ombe hudai kusiribwa tena na tena. Mhasibu ataona hasara tupu. Mpanga matukio mwenye jicho ataona tukio la kuwekwa kwenye kalenda: kuezeka upya ni ujuzi, na vijana wengi wa mjini Kisumu waliokulia chini ya mabati hawajawahi kuona fundi akifunga mganda wa nyasi kwenye fito. Siku ya kuezeka ingetangazwa kama vile ufunguzi wa maonyesho ya michoro unavyotangazwa, na watu wangekuja.

Mfano wa pili wa kuonyesha nje ya ukumbi ulikwenda mbali zaidi. Mapema mwaka 2007 maonyesho yaliyoitwa Paro Manene yaliletwa Nyanza kutoka hifadhi ya picha ya Pitt Rivers Museum ya Oxford, Uingereza. Walioyaandaa ni Gilbert Oteyo, mtafiti wa upande wa Kenya, na Christopher Morton wa Oxford. Picha zilikuwa za wapigaji watatu: Charles Hobley na Juxon Barton, maofisa wa kikoloni, na Edward Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia aliyefika Nyanza mwaka 1936. Badala ya kuwangojea watu waje mjini, waandaaji walizipeleka picha hizo kwa jamii ambazo wazee wao ndio waliopigwa picha.

Hapo palikuwa na tatizo la mwanga. Wahifadhi wa picha na nguo hupendekeza mwanga usiozidi laksi 50, sawa na chumba chenye taa hafifu. Jua la mchana la Kisumu laweza kufika laksi 100,000, yaani mara 2,000 zaidi. Picha halisi ya mwaka 1936 ikianikwa juani hufifia, na iliyofifia hairudi. Basi za asili zilibaki kabatini, zikasafiri nakala. Nakala haiogopi jua, wala vidole vya bibi anayetaka kuugusa uso wa shangazi yake. Wapo wanaoona nakala ni kitu cha daraja la pili; kwa kazi hii ilifaa kuliko ile ya asili. Picha za kikoloni mara nyingi ziliandikwa "mwanamume Mjaluo" bila jina, na jina halipatikani Oxford. Linapatikana kwa mjukuu, naye ni lazima asogee karibu.

Nairobi ilijaribu njia iliyo kinyume. Machi 2021, katika Makumbusho ya Taifa, maonyesho ya Invisible Inventories yaliweka makabati matupu kuonyesha kisichokuwepo. Waandaaji walikuwa wameorodhesha vitu vya Kenya zaidi ya 32,000 vilivyomo katika taasisi za Ulaya na Marekani. Kabati tupu ni hoja kali kwa mkazi wa jiji aliyezoea makabati yaliyojaa. Kwa mzee wa kijijini Alego ambaye hajawahi kusimama mbele ya kabati la makumbusho, pengine utupu huo ungekuwa fenicha tu. Njia ya kuonyesha huchaguliwa kwa kumwangalia mtazamaji.

Kisiwani Mfangano, katika Ziwa Victoria, hali ni nyingine kabisa, maana kazi za sanaa zenyewe hazihamishiki. Michoro ya Mawanga na Kwitone, miduara ya rangi nyekundu na nyeupe inayohusishwa na Watwa wa kale, iko kwenye mwamba. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yamejengwa hukohuko kisiwani, na mgeni huvuka kwa boti kutoka Mbita, kisha hupanda mlima na mwongozaji. Pale mwongozaji ana kazi kubwa kuliko ukumbi: akiwa mbovu, mgeni ataona madoa ya rangi tu.

Kutokana na mifano hii, kalenda ya msimu mmoja kandokando ya ziwa inaweza kuchorwa bila kuiga jiji lolote. Januari na Februari ni za kiangazi, zipewe picha zinazozunguka vijijini. Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, tarehe 18 Mei, huangukia mvua za masika, kwa hiyo iwe chini ya paa, na wasimulizi wapewe kipaumbele. Agosti shule zimefungwa: watoto waje Ber-gi-dala wasiribe sakafu kwa mikono yao. Desemba watu hurudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, na Kisiwa cha Rusinga kina tamasha lake la utamaduni mwezi huohuo. Makumbusho yapeleke banda huko badala ya kushindana nalo.

Picha za kuonyesha hazitoki Oxford pekee. Nyingi ziko kwenye masanduku ya bati na albamu za familia kuanzia Usenge hadi Muhuru Bay, na waliomo wanajulikana na watu ambao bado wako hai. Aliye nayo moja aulizie majina sasa, ayaandike nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu. Asitumie kalamu ya wino. Wino hupenya ukaharibu uso wa upande wa pili.