Namna ya Kulijua Bomba la Bani Lililochoka

Kaliua tunajua kulitazama jani la tumbaku: rangi yake, uzito wake, mshipa wake. Bomba la chuma linalolikausha hatulitazami hivyo, na hapo ndipo tumbaku ya mvuke huharibikia. Ufa mwembamba ukipitisha moshi ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia, harufu huingia kwenye jani na daraja hushuka. Mshono ukiachia, cheche hukutana na majani makavu yaliyoning'inia juu yake.

Anza na bomba la kwanza kutoka kwenye tanuru. Hewa ya bani hufika nyuzi 70 hivi za Selsiasi siku za kukausha vikonyo, lakini chuma kilicho karibu na kuni kina joto la mamia ya nyuzi. Chuma cha kawaida kikipita takriban nyuzi 400 huku kimebeba uzito, hata uzito wake chenyewe, hulegea na kujinyoosha kidogo kidogo, saa baada ya saa. Hakivunjiki papo hapo, ila kinazeeka.

Kipime kikiwa baridi kabisa. Vuta uzi juu ya bomba kutoka tegemeo moja hadi jingine, kisha pima lilivyobonyea katikati. Chuma kutanuka kwa moto na kurudi kikipoa si kosa. Kosa ni mbonyeo unaobaki. Andika kipimo kwenye daftari, urudie kila msimu. Mimi naliamini bomba lenye mbonyeo mkubwa usiobadilika kuliko lenye mdogo unaokua.

Rangi isikudanganye. Kutu nyekundu ya unga ni kazi ya unyevu wa masika. Magamba meusi ya kijivu yanayobanduka ni kazi ya moto. Yakwangue yote, kwa maana unene wa kweli ni ule unaobaki chini yake. Moto ukiwaka usiku, bomba likionyesha wekundu hafifu gizani limeshapita nyuzi 500. Lakini hata lisilo jekundu laweza kuwa linalegea.

Kwa mishono, ingiza tochi ndani ya bomba, funga mlango wa bani, kaa gizani utafute nuru. Hakuna kipimo rahisi kinachonipendeza kuliko hiki.

Mabomba ya mvuke ya vituo vya umeme huugua ugonjwa huu huu. Wataalamu hung'arisha kipande cha chuma, hukipaka asidi, hubandika utando laini wa plastiki, kisha huubandua na kuutazama kwa hadubini wakitafuta vitundu kwenye mipaka ya chembe za chuma. Kitundu kimoja kimoja hufuatiliwa. Vikishajipanga mstari, ufa uko njiani. Mkulima hana hadubini, lakini uzi na daftari humwonyesha mwendo uleule.

Mbonyeo ukizidi kukua na magamba yakiwa mazito, usiweke kiraka, wala usiligeuze bomba juu chini: litaonekana limenyooka, na uchovu utabaki palepale. Weka jipya kabla ya chumo la kwanza. La zamani, kama halijatoboka, lihamishie mwisho wa mzunguko karibu na dohani, ambako joto ni dogo.